Kilima cha Tone la Chai

"Hiki kilima umekipima lini?"

"Siku ya nne," mchumba wangu akajibu, mkate mdomoni. "Mita elfu mbili mia tatu thelathini na nane. Upepo ulitaka kunibeba."

Nikaweka kalamu chini.

Yeye ni mpimaji wa milima, mimi ni mchoraji wa ramani, ofisi moja, meza zinatazamana. Yeye hupanda na kuleta vipimo, mimi huvigeuza kuwa mistari inayouzunguka mlima. Ramani hii ilikuwa inasubiriwa na waokoaji wanaotafuta watu waliopotea huko juu. Harusi yetu ilikuwa Jumamosi.

"Mpenzi, nikuambie siri? Hicho kilima hakipo."

"Hakipo kivipi? Kipo hata kwenye ramani ya zamani!"

"Ile niliichora mimi, miaka sita iliyopita, ndiyo kwanza nimeajiriwa. Tone la chai liliangukia karatasi. Nikaogopa kufukuzwa, nikalizungushia mistari, likawa kilima. Tangu uondoke nilikuwa najiandaa urudi unicheke kwamba hukukiona. Wewe umerudi na urefu wake!"

Akaacha kutafuna.

Nikatoa simu, nikamsomea ujumbe wake mwenyewe: "Mke wangu mtarajiwa, niko kileleni, baridi inakata masikio. Niombee."

"Nimekuombea siku tisa," nikasema. "Kila simu ikilia nashtuka, nadhani wananiambia umeanguka. Ulikuwa wapi?"

"Kwa dada."

"Dada yupi? Maana siku hizi madada ni wengi."

"Dada yangu wa tumbo moja! Mpigie umuulize." Akainamisha kichwa. "Tangu kamba yangu ya kupandia ilipokatika mwaka jana, nikitazama bonde nashindwa kupiga hatua. Nilifika chini ya mlima nikageuza. Nikachukua namba za ramani ya zamani, nikapunguza mbili, nikaongeza tatu. Ningekuambiaje? Mpimaji wa milima anaogopa mlima!"

Jamani, moyo ulinilainika. Nilitaka kumkumbatia palepale, bosi atukute, liwalo na liwe.

"Twende kwa bosi wote wawili," nikamwambia. "Wewe useme lako, mimi langu."

"Thubutu! Ukisema langu, na lako litajulikana. Tunyamaze, tufunge ndoa, maisha yaende."

"Na mtu akipotelea huko juu?"

"Watu wana simu siku hizi."

Kabla sijamjibu, mlango ukafunguliwa. Bosi akaingia, miwani imeshuka puani.

"Wanangu, mashine ya kuchapa inasubiri. Mmemaliza?"

Nikasimama.

"Bosi, kilima hiki hakipo. Nilikichora mimi, zamani, kuficha tone la chai."

Ya mwenzangu sikuyagusa. Nilitaka ayaseme kwa mdomo wake. Bosi akamgeukia.

"Nawe ulikipima?"

"Nilikipima, bosi. Huyu amechoka tu, mambo ya harusi. Siku hizi hajui hata anachosema."

Mwanaume niliyemkeshea kwa dua ananifanya mwehu mbele ya mkuu wangu wa kazi!

"Basi vizuri," bosi akasema. "Kesho asubuhi tunapanda wote watatu. Wewe utatangulia, utuonyeshe."

Jasho likamtiririka mpaka kwenye kola.

"Siendi, bosi. Mimi... sikupanda. Namba zote ni za uongo."

Bosi akaikunja ramani, akatoka nayo, nasi tukabaki hatujui adhabu yetu.

"Si unaona nimesema ukweli?" akanong'ona, akitafuta mkono wangu. "Yameisha, mpenzi."

"Umesema kwa kuuogopa mlima. Mimi kunigeuza mwehu, hukuogopa."

Nikampigia mama.

"Mama, waambie wageni Jumamosi wasije."

"Mungu wangu! Mwenzio kapatwa na nini? Ameanguka mlimani?"

"Hapana, mama. Mzima wa afya, yuko hapa ananisikia."

Nikavua pete, nikaiweka juu ya meza yake.