Niliyemdhamini Langoni

Nilifika kwenye ofisi ya vibali vya kupanda mlima jua likizama. Karani alikuwa ameanza kufunga madirisha.

"Uko peke yako?"

"Peke yangu. Namtafuta mdogo wangu."

Alimjua. Langoni pale nani asiyemjua Kijiti, kwa wembamba wake na domo lake? Alipotelea msituni, na askari wa hifadhi walikuwa wameshakata tamaa. Mama hakulala tena. Alikesha mlangoni akimsubiri. Mimi nilikuwa nimekufa ganzi. Nilikula, nikaenda kazini, nikacheka watu walipocheka. Nilichotaka ni kumrudishia mama mwanawe tu, hata iwe mifupa.

"Pole, kaka. Ila mtu mmoja hapewi kibali. Kaa pale kwenye benchi, huenda ukapata mwenzako."

Ndio utaratibu wao. Wasio na wenzao hungoja kwenye benchi mpaka wapatane, kisha kila mmoja humdhamini mwenzake kwa mdomo mbele ya karani.

Nilikaa. Benchi lilikuwa tupu.

Halafu... halikuwa tupu.

Mwanamke alikuwa kando yangu. Alinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Mtu mwingine angetoka mbio. Mimi nilisogea nikampa nafasi.

"Twende wote," alinong'ona.

Karani aligonga muhuri bila kuinua kichwa. "Haya, semeni."

"Naingia naye, nitatoka naye," nilisema.

"Rudia," mwanamke aliniambia. "Taratibu."

Nikarudia. Yeye hakusema lake. Karani alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, hakumuuliza.

Tulipanda alfajiri. Mwanamke hakuhema wala hakunywa maji. Jioni, ukungu ukishuka, tulikaribia kibanda cha wapandaji.

Kra... kra...

Mtu alikuwa akikanyaga vijiti bondeni.

"Kaka..."

Ilikuwa sauti ya Kijiti. Dhaifu, lakini yake.

"Kaka, niko huku. Usiniache."

Moyo ulinilipuka. Kwa mara ya kwanza tangu apotee niliogopa, nikafurahi, vyote kwa pamoja. Niliinua mguu nimfuate.

Mguu haukwenda.

Mwanamke alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi.

"Umenidhamini mimi," alinong'ona. "Si yeye."

Miguu yangu ikageuka yenyewe. Nilishuka machozi yakinitoka, Kijiti akiita nyuma yetu, akiita... kisha kimya. Ganzi ikanirudia, safari hii mpaka kwenye mifupa.

Langoni karani alihesabu vichwa, akatupungia mkono tupite.

Nyumbani mama alifungua mlango. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu.

"Kijiti! Mwanangu!"

Akamkumbatia yule mwanamke. Akambusu, akamfuta udongo usoni kwa upindo wa nguo yake. Yule akanitazama juu ya bega la mama.

"Mama," akasema, kwa sauti ile ile ya bondeni.

Siku hizi mama analala fofofo. Majirani wanakuja kumsalimia Kijiti, wanamtania kwa wembamba wake, wanaondoka wakicheka. Ni mimi tu ninayemwona alivyo.

Asubuhi moja, yule akiwa uani, nilijikaza.

"Mama, kuna jambo..."

Aliniwekea kiganja mdomoni.

"Nyamaza, baba. Harufu naisikia," alinong'ona. "Niachie huyu huyu."

Akanimiminia chai. Nikanywa.