Siku ya Kumhamisha Pilau

Siku hiyo bwege alikuwa Mhandisi Mbelwa, na mwenyewe hakatai. Nani mwingine angejaza sebule ya shangazi yake wadudu wa chuma, akawamwaga juu ya mgongo wa Pilau, mbwa wake mgonjwa, halafu akasubiri kupigiwa makofi?

Wadudu hao aliwaita sisimichuma. Kila mmoja alikuwa mdogo kuliko punje ya ufuta. Walijipenyeza kwenye manyoya ya Pilau, na kila walipomkuta kiroboto wakambana mpaka akapasuka. Mnara wao wa makazi wa Chumbageni, pale Tanga, ulikuwa haukomi kuusifu uvumbuzi huo.

"Yale matone ya viroboto ya daktari wa mifugo tupa, shangazi," Mbelwa alikuwa amejigamba wiki iliyopita. "Mkanda wa shingoni nao peleka makumbusho."

Leo Shangazi Tunu, hakimu mstaafu, alikuwa akimtazama Pilau akijitafuna mkia mpaka nyama nyekundu.

"Mbona anazidi, baba? Au wadudu wako wamefanya urafiki na viroboto?"

Mbelwa akakagua picha walizopiga sisimichuma, akaliona kosa. Walimtambua kiroboto kwa damu aliyokwisha kunywa. Yaani walimuua baada ya kuuma! Kwa mbwa mwingine si neno, lakini Pilau ana mzio wa mate ya kiroboto. Akiumwa mara moja tu, anawashwa wiki nzima.

"Nimeweka mlinzi anayeamka mwizi akishashiba," akakiri.

"Na sifa ukajipa."

Ukuta ukakohoa. Alikuwa Msimamizi, akili bandia inayoendesha mnara.

"Bi Tunu, viroboto wameonekana katika nyumba zote za ghorofa yako. Chanzo ni mbwa wako. Kwa kanuni ya mnara, anayebeba viroboto nyumba hadi nyumba anahamishwa leo. Utapewa mbwa wa chuma. Hajikuni."

"Nani kakwambia namtaka asiyejikuna?" Tunu akamvuta Pilau miguuni pake. "Haendi popote."

"Shangazi, laiti tungekuwa na yale matone," Mbelwa akasema kwa unyonge. "Yale humfukuza kiroboto kabla hajauma."

Tunu akafungua mtoto wa meza, akatoa kichupa. "Hakimu hatupi vielelezo. Mpake, kisha fanya kazi uliyosomea."

Mbelwa akampaka Pilau shingoni. Kisha akawakusanya sisimichuma, akawafundisha upya: waache damu, watafute mayai. Akawaachia sakafuni. Akadhani watavamia zulia. Wachache walibaki hapo. Wengine wote wakajipanga mstari, wakaelekea mlangoni, alikosimama Pangusa, roboti la usafi lililokuwa likingoja zamu yake. Wakampanda, wakaingia kwenye mfuko wake wa vumbi.

Mbelwa akaufungua. Ndani mlikuwa na mayai na mabuu yanayojinyonganyonga, na brashi iliyoyasambaza kila ilipopita.

"Pangusa ni mali ya mnara," Msimamizi akawahi. "Hahusiki. Mashine haina viroboto. Mbwa ndiye mwenye viroboto. Lifti iko njiani."

Mbelwa akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Ipite juu yangu!"

"Kaa, baba, usijichoshe," Tunu akasema, kisha akaugeukia ukuta. "Pilau hajawahi kukanyaga kwa jirani. Huyu wako anaingia kwa kila mtu, hata hodi habishi. Lifti ikifika, mpakie yeye. Na huyo mbwa wako wa chuma mpe, wakaliwazane."