Ukurasa Uliofunguka Nyumbani Tu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Eunike alikatakata vigogo vya migomba, akamwekea ng'ombe horini, akafagia uwanja, kisha akashuka hadi kwenye kijito kilichopita chini ya kihamba chao, shamba la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba, kule Masama mlimani. Hapo palikuwa na bomba la plastiki lililosimamishwa majini, na ndani yake boya dogo. Maji yakipanda, boya nalo lilipanda, na waya mrefu ulipeleka kipimo hicho mpaka sebuleni, kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa juu ya kabati la vyombo. Eunike alisoma mistari iliyochorwa kwenye bomba, halafu akapanda mbio kuangalia kama kompyuta inasema vivyo hivyo.

"Arobaini na mbili," alimwambia baba yake, Filbert, asubuhi moja ya mwezi wa tatu. "Na bomba linasema arobaini na mbili!"

"Basi mmepatana," alijibu baba huku akipuliza chai yake. "Wahi shule."

Eunike alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Kifaa kile alikitengeneza kwa msaada wa Mwalimu Davis wa klabu ya sayansi. Masika ya mwaka uliopita kijito kilifurika na kusomba shamba zima la maharage la mama yake mdogo, Elizabeth, aliyeishi huko chini tambarare, upande wa Bomang'ombe. Maji yakipita kwa akina Eunike, huchukua kama saa moja kufika kwa mama mdogo. Saa moja ni muda wa kutosha kuhamisha mifugo, kama mtu ameambiwa.

Ndipo Eunike alipopata wazo la kuifanya kompyuta ile kuwa seva, yaani mashine inayotunza ukurasa wa tovuti na kumwonyesha kila anayeuomba. Ukurasa wake ulikuwa mfupi. Ulikuwa na namba moja kubwa katikati, kina cha maji kwa sentimita: ya kijani maji yakiwa ya kawaida, nyekundu yakivuka mia moja. Intaneti ilikuwapo nyumbani, kwa sababu baba alikuwa na vyumba viwili vya wageni waliokuja kuona jinsi kahawa inavyochumwa na kukaangwa.

Siku ukurasa ulipofunguka kwenye simu ya baba, pale pale mezani, Eunike aliruka kwa furaha. Kesho yake alisimama mbele ya shule nzima.

"Sasa mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuona maji ya kijito chetu," alisema.

Wanafunzi wakapiga makofi. Mwalimu Davis akatangaza kwamba Eunike ataiwakilisha shule kwenye maonyesho ya sayansi ya wilaya. Jioni ile Eunike alimtumia mama mdogo anwani ya ukurasa, msururu wa namba na nukta.

Siku iliyofuata ikaingia simu. Alikuwa Stella, binti wa mama mdogo, aliyemzidi Eunike mwaka mmoja.

"Eunike, ule ukurasa haufunguki."

"Umeandika namba zote?"

"Zote. Unazunguka tu, halafu unabaki mweupe."

"Basi ni bando. Mwambie mama anunue bando."

Alisema hivyo kwa kujiamini. Lakini alipokata simu, moyo haukutulia. Aliichukua simu ile ile ya baba, akatoka nayo mpaka getini, akazima waifai ya nyumbani na kufungua ukurasa kwa bando la simu yenyewe. Ulizunguka. Ukazunguka tena. Kisha ukabaki mweupe.

Akarudi sebuleni, akawasha waifai. Namba ikatokea mara moja, kijani kibichi kama jani la mgomba.

Eunike akaelewa. Ukurasa wake ulikuwa unaonekana ndani ya nyumba yao tu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuuona.

Kwa wiki tatu alihangaika peke yake. Alisoma kwamba ruta, kile kiboksi kinacholeta intaneti ndani, lazima iamriwe kuacha mlango wazi ili watu wa nje wapite. Akafungua mlango mmoja. Haikusaidia. Akafungua mingine, mwishowe akaifungua yote. Kila jioni alikwenda getini na simu, na kila jioni alirudi akiburuta miguu. Alitamani kumwambia Mwalimu Davis, lakini akakumbuka yale makofi, akanyamaza.

Baba akamwuliza, "Ule ukurasa wa mama yako mdogo, vipi, unafanya kazi?"

"Ndiyo, baba."

Stella naye akapiga tena. "Mama amenunua bando, bado ni mweupe."

"Labda bando limeisha," Eunike akajibu. Safari hii alijua kabisa kwamba anadanganya. "Nunueni jingine."

Mvua kubwa ilifika Jumamosi moja ya mwezi wa nne. Tangu asubuhi mlima ulikuwa umefunikwa na wingu jeusi. Kufikia saa nane mchana, sauti ya kijito ilisikika mpaka jikoni. Eunike alikaa mbele ya kompyuta. Sabini na moja. Themanini na sita. Tisini na tisa. Saa tisa kamili namba ikageuka nyekundu: mia moja na nne.

Simu ya baba ilikuwa mkononi. Jina la mama mdogo lilikuwa la tatu kwenye orodha. Angeweza kupiga na kusema maneno manne tu: mama mdogo, maji yanakuja. Lakini mama mdogo angeuliza, "Kwani ukurasa wako unasemaje?" Naye angejibu nini?

"Labda mvua itakatika," alijiambia. Namba ikasoma mia moja na ishirini. "Ikifika mia na thelathini nitapiga." Ikafika. Eunike akaitazama simu, akaiweka chini, akaichukua tena.

Saa tisa na nusu radi ilipiga upande wa juu, kioo cha dirisha kikatikisika, na umeme ukakatika. Kompyuta ikazimika. Ndipo hofu ikamshinda aibu, akapiga. Simu haikuita. Juu ya kioo chake alama ya mtandao ilikuwa imetoweka.

"Baba!" alipiga kelele. "Baba, maji!"

Filbert hakuuliza mengi. Alivaa koti la mvua, akawasha pikipiki na kuteremka kwenye tope. Eunike alibaki mlangoni akisikiliza mlio wake mpaka ukamezwa na mvua.

Baba alirejea jioni, akiwa ameloa. Watu wote walikuwa wazima. Lakini mtamba wa mama mdogo, ng'ombe mchanga aliyekuwa na mimba ya kwanza ya miezi saba, alikuwa amefungwa malishoni kando ya kijito. Maji yalimkuta kwenye kamba, yakamsomba.

Kesho yake baada ya ibada, Eunike na baba yake walikwenda kumpa pole. Uwanja wa mama mdogo ulikuwa tope tupu na matawi yaliyoletwa na maji. Stella alikuwa ameketi kwenye kizingiti, macho yamevimba.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Eunike zaidi. Elizabeth alisimulia polepole, kama mtu anayejisimulia mwenyewe.

"Huku kwetu jua lilikuwa linawaka. Nikaona tu mlima mweusi. Nikasema, ngoja nitazame ule ukurasa wa mtoto. Ukagoma. Nikamwambia Stella, kimbia dukani ukanunue bando. Ningemtuma akamfungue mtamba, angemfungua. Nilimtuma dukani. Aliporudi, maji yalikuwa yameshapita."

Eunike angeweza kunyamaza tena, na hakuna ambaye angejua kamwe. Alitazama miguu yake, tope limejaa kwenye viatu vya kanisani.

"Halikuwa bando," alisema.

"Unasema?"

"Ukurasa haujawahi kufunguka nje ya nyumba yetu. Nilijua. Nilijua tangu wiki ya kwanza. Na jana niliona maji mapema, nikaogopa kupiga simu."

Stella alisimama, akamtazama kama anayemtazama mgeni, akaingia ndani na kufunga mlango. Baba aliinamisha kichwa. Mama mdogo akavuta kanga yake mabegani, akasema tu, "Haya. Umesema."

Jumatatu Eunike alimweleza Mwalimu Davis, na jina lake likaondolewa kwenye maonyesho. Darasani wengine walimwita Mweupe, kwa ajili ya ule ukurasa. Alirudi nyumbani, akachomoa waya wa kompyuta, akaizungushia gunia. Kila kitu alichokigusa, aliona, kilikuwa kimeharibika, na hakuna kazi ambayo ingemrudisha yule mtamba.

Jumamosi iliyofuata baba alilibeba lile gunia mpaka Moshi mjini, Eunike akimfuata. Waliingia kwenye duka dogo la kutengeneza kompyuta. Mwenye duka aliitwa Shivani, mama wa makamo aliyezaliwa Moshi hiyo hiyo, na baba yake alikuwa fundi wa redio kabla yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nieleze, na usinifiche kitu."

Eunike akaeleza yote, hata ile milango ya ruta. Shivani alisikiliza mpaka mwisho.

"Kanisani kwenu mna sanduku la posta?" akauliza.

"Ndiyo. La usharika. Watu wote wanalitumia."

"Nikikuandikia barua nikaweka namba ya sanduku peke yake, bila jina, utaipata?"

Eunike alifikiri. "Itafika usharikani. Lakini hawatajua ni ya nani."

"Ndicho kilichokupata. Kampuni inayowaletea intaneti imezipa nyumba nyingi anwani moja ya nje. Ninyi mkiomba kitu, jibu linawarudia kwa sababu kampuni inakumbuka nani aliomba. Lakini mgeni akija mwenyewe kubisha, haijui impeleke nyumba gani. Wewe ulifungua milango ya chumbani, na lango la barabarani si lako. Ungehangaika mwaka mzima, mwanangu."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Inawezekana, kwa njia nyingine. Kompyuta yako ndiyo itoke. Iende yenyewe kwenye mashine ya nje yenye anwani yake, kama ninayoikodi mimi, ishike njia isiiachie. Anayetaka kuona maji atabisha kwenye ile mashine, nayo itapitisha ombi mpaka kwenu." Akavuta kiti. "Lakini kwanza ile milango ukifika nyumbani uifunge yote. Uliwaachia wezi nyumba wazi, na mama yako mdogo bado alikuwa nje."

Walifanya kazi mpaka mchana. Shivani alimwachia Eunike aandike mwenyewe kila amri, akimsahihisha. Mwishowe akasema, "Yote haya yametuchukua saa tatu. Ungekuja siku ile ulipoona ukurasa mweupe, tungetumia saa tatu zile zile."

Eunike alikuwa ameshalijua hilo.

Jumapili jioni walikwenda tena kwa mama mdogo na anwani mpya. Kamba iliyokatika ilikuwa bado inaning'inia kwenye mti wa malishoni. Elizabeth alimwita Stella, akamkabidhi simu. Stella aliandika bila kumtazama Eunike. Ukurasa ukazunguka kidogo.

"Hamsini na moja," Stella alimwambia mama yake. "Kijani." Akarudisha simu, akaenda zake jikoni.

Mama mdogo alimshika Eunike mkono.

"Nisikilize, mwanangu. Mashine kukataa si dhambi, na kutojua si dhambi. Ungeniambia, 'Mama mdogo, haifanyi kazi, na sijui kwa nini,' ningelitazama lile wingu kwa macho yangu, ningemfungua mnyama wangu. Ulinipa kitu cha kuegemea nawe unajua kimeoza. Mimi nimekusamehe. Stella, yule mtamba alimlisha kwa mkono tangu akiwa ndama. Mwache achukue muda wake, na usimdai."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na ukiona maji yamepanda, nipigie. Ukurasa ufunguke, usifunguke, wewe nipigie."

Siku nne baadaye mvua ilishuka tena mlimani. Namba ilipofika themanini, bado kijani, Eunike alipiga simu. Akapokea Stella.

"Maji yamefika themanini," Eunike alisema. "Yanapanda."

"Nimeona."

Eunike hakukata simu.

"Nimeshahamisha mbuzi," Stella akasema, kisha akakata simu.