Presha Isiyosikia Dawa

Walikutana kwenye foleni ya duka la dawa, saa ya watu kutoka kazini. Fundi cherehani, ndani ya gauni la buluu alilojishonea mwenyewe, alishikwa na kizunguzungu akadaka bega lililokuwa mbele yake. Lilikuwa la mpiga picha wa mtaa wa pili.

"Dada, ukitaka kunikumbatia sema tu. Usijifanye unaanguka."

Fundi alicheka mpaka akajishangaa. Alikuwa akiishi peke yake miaka mingi, na cheko lake alikuwa amelisahau.

Ikawa simu kila jioni.

"Mpenzi, dawa umemeza?"

"Nimemeza, daktari wangu wa kujipachika."

Lakini presha haikushuka. Aliongezewa kidonge cha tatu, kisha cha nne. Siku moja, wakiwa studio, damu ikamchuruzika puani. Mpiga picha akamshikia leso puani.

"Niambie ukweli. Unazimeza, au unazitupa?"

"Hata wewe?"

Nesi alikwisha kumuuliza hivyo. Dada yake pia. Fundi alichukua mkoba wake akaondoka. Simu iliita wiki nzima asipokee, kisha ikanyamaza, na ukimya ule ukamuuma kuliko tusi.

Hospitali walimlaza, wakamshuhudia akimeza kila kidonge. Presha ikabaki kule kule juu.

"Samahani, dada," daktari alisema. "Dawa unameza, mwili ndio hausikii. Tutapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi kwenye mishipa ya figo, tuunguze neva zinazopandisha presha. Nani atakuwa nawe?"

"Nitakuwa peke yangu."

Baada ya tiba alilazwa chali, mguu umenyooshwa, marufuku kuukunja. Wageni wa kitanda cha jirani waliomba kiti chake. Akawapa, nani angekikalia? Halafu akachukua simu, akampigia mpiga picha.

"Mimi huku hospitali."

"Wodi gani?" Hakuuliza lingine.

Alifika anahema, begi la kamera begani, shati limefungwa vifungo kombo.

"Mama yangu alikuwa anaficha vidonge chini ya godoro," alisema. "Tulivikuta baada ya mazishi. Siku ile damu ilipokutoka, nilimwona yeye. Nilikukosea."

"Mimi si mama yako."

"Najua."

"Nilikuwa macho mle ndani. Nilisikia moto kiunoni, na sikuwa na mkono wa kushika."

Hakujitetea. Alimsikiliza mpaka akamaliza, akamfuta machozi yaliyokuwa yakiteremkia masikioni.

"Imeshuka?"

"Kidogo. Wanasema tusubiri miezi, na vidonge naendelea navyo. Huenda isishuke zaidi."

Mpiga picha akauliza kwa sauti ya chini, "Kesho wakikuruhusu, nikupeleke kwako au kwangu?"

Fundi alitazama dari. Alikiona chumba chake, kitanda kimoja, kikombe kimoja.

"Kwangu," alisema. "Lakini ukae."