Soksi za Mzee Dereva

Ekseli ya gari ilikatika saa sita mchana, katikati ya mchanga usio na mti wala mtu. Gari likalala ubavu, goti la dereva likateguka. Redio ya gari ya kuitia msaada ilikuwa imekufa miaka miwili. Binti wa maabara, aliyekuwa safarini kuchukua udongo wa kupima, alishaiandikia ofisi barua tatu kuhusu redio hiyo, na tarehe zake zote anazo kichwani mpaka leo. Mkubwa alijibu moja tu: vumilieni.

Ndani ya gari mlikuwa tanuri. Mbali kidogo yalionekana majabali yenye kivuli. Dereva akanyoosha mkono achukue soksi zake, zilizoning'inia kwenye kioo cha pembeni tangu asubuhi, binti alipokataa kusafiri nazo ndani.

“Ziache huko huko, mzee. Zitatuua kabla ya kiu.”

“Miguu itachubuka, binti.”

“Ziache.”

Ilichubuka. Walipofika kivulini visigino vya mzee vilikuwa nyama tupu, na upepo umefuta kila unyayo nyuma yao. Maji yalibaki chupa moja. Binti alimfunga vidonda kwa mtandio wake, moyo ukimsuta.

“Hivi kinachonuka ni nini hasa?” mzee aliuliza siku ya pili, midomo imepasuka.

“Bakteria. Vijiti vidogo, huwezi kuviona kwa macho. Wako kwenye udongo, wako kwenye ngozi. Wanakula ngozi iliyokufa, harufu ndiyo inabaki. Mimi nawafuga maabara, kwenye visahani.”

“Kumbe wote tunafuga. Ila wewe unalipwa.” Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. “Nipe kifuniko kimoja cha maji ninawe miguu. Nisizikwe nanuka.”

“Huzikwi. Kunywa.”

Siku ya tatu mzee aliitwa, hakuitika. Binti alikuwa akimdondoshea tone la mwisho aliposikia mhemo. Mbwa alizunguka jabali, pua chini, akaenda moja kwa moja kwenye miguu ya mzee, akaanza kulamba vidole. Nyuma yake mwanamume, mmoja wa waliokuwa wakiwatafuta, anatweta.

“Gari tuliliona, nyayo hakuna. Tulishageuza turudi. Huyu akanusa zile soksi, akatuvuta mpaka hapa.”

Binti aliikumbatia ile miguu, akalia.

Barua ya nne aliipeleka mwenyewe, akaiweka mezani kwa mkubwa, soksi moja juu yake. Redio ilitengenezwa kabla ya chakula cha mchana.

Soksi ya pili aliipangusa kwenye kisahani, bakteria wakaota. Kila asubuhi anafunua, harufu inampiga, wala hageuzi uso. “Asanteni,” anasema.

Mzee, mkongojo mkononi, huchungulia mlangoni. “Wanangu hawajambo?”

“Hawajambo, mzee. Wanakula.”