Kapenta za Dimitri

Kila alfajiri, kabla ya kwenda sokoni kuuza unga, Mama Mushiya alikaanga kiganja cha kapenta, akaziweka ndani ya kikombe na kumkabidhi binti yake, Mbelu. Samaki hao wadogo walikuwa wa kuliwa na Dimitri, mtoto wa miaka miwili aliyeachishwa ziwa. Mbelu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alimlisha mdogo wake bukari, yaani ugali, kwa kapenta hizo, akamwacha kwa jirani, kisha akakimbilia shule. Bukari yao ilikuwa ya unga wa mihogo mitupu, kwa sababu unga wa mahindi ulikuwa umepanda bei katika mji mzima wa Kolwezi.

Siku moja Mbelu alionja kapenta mbili. Kuanzia kesho yake alizila zote kila siku, Dimitri akapata bukari na mchuzi wa nyanya tu. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na njaa, tena hakuona madhara yoyote, kwa maana mashavu ya Dimitri yalizidi kujaa na miguu yake ikawa minene. Majirani walimtania mama kwamba mwanawe amenona kama mtoto wa bosi wa mgodi. Mbelu alitazama mikono yake myembamba, akajiambia kuwa mdogo wake hana haja ya samaki.

Kisha Dimitri akaacha kucheza. Alishinda ameketi kando ya ukuta, nywele zimekuwa nyekundu, ngozi ya miguu inachubuka. Alipoumia hakulia tena, na hilo ndilo lililomtisha mama. Mtoto anayekula samaki kila siku angeugua nini, kama si kulogwa? Akafunga mzigo ili Jumamosi ampeleke Sandoa kwa bibi yake, akatafutiwe dawa za mizizi.

Ijumaa, wanafunzi walipeleka darasani chakula kidogo cha nyumbani, kama Mwalimu Ruffin alivyoagiza. Aliwaeleza kwamba wanga ni mnyororo wa sukari unaoupa mwili nguvu, na mafuta ni akiba yake. Protini ni mnyororo wa vipande viitwavyo asidi amino, na ndiyo inayojenga misuli, ngozi na nywele. Alichanganya kila chakula na maji ya soda kostiki, akadondoshea salfeti ya shaba yenye rangi ya buluu. Maharage ya mwanafunzi mwenzake Mbelu, Jeancy, yakageuka zambarau, maana yana protini. Bukari ya Mbelu ikabaki buluu.

Mwalimu akasema kuwa mtoto anayelishwa hiyo peke yake huvimba kwa maji, nywele zikageuka rangi, na watu wakadhani amenona. Mbelu hakusikia lililofuata. Aliomba ruhusa, akakimbia hadi sokoni, akasimama mbele ya meza ya mama yake huku machozi yakimtoka.

"Mama, usimupeleke Sandoa. Kapenta ya Dimitri, mi njo nilikuwa nakula."

Mama hakumpiga. Akauliza, "Tangu siku gani?"

"Sasa inafika miezi tatu, mama."

Mchana uleule walimfikisha Dimitri kituo cha afya. Muuguzi, Mama Valérie, aliubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale pale. "Hii haiko mafuta," alisema. "Ni mayi." Maji ndiyo yaliyokuwa yamemvimbisha. Muuguzi akamlaza hapo, akaanza kumpa maziwa ya tiba, kijiko kwa kijiko.

Baada ya siku kumi uvimbe ulipungua, na hapo ndipo Mbelu alipomwona mdogo wake alivyokuwa kweli: mbavu za kuhesabika na miguu kama mipini ya miiko. Mama aligeukia ukuta akalia. Mbelu alitamani kumshika mkono lakini hakuthubutu.

Wiki ya sita, Dimitri aliruhusiwa kurudi nyumbani. Mama Valérie alimwita Mbelu kando.

"Ulikosa, mutoto yangu, lakini ulisema kabla hatuyamuzika mudogo yako," alimwambia. "Mutoto mudogo hajue kusema kama unamukulia fungu yake. Mwili yake njo inasema, na ikisema, iko karibu kuchelewa. Mutu asiogope kusema kosa yake."

Jioni mama alipika maharage, akayaponda. Alimwambia Mbelu kwamba akisikia njaa aseme, watagawana kilichopo. Kisha akamkabidhi kijiko. Mbelu alikipokea, akamlisha Dimitri mpaka sahani ikawa tupu, yeye mwenyewe hajaonja hata punje.