Mtalawanda Mlangoni pa Karavani

Tuliondoka Maskati Alkhamisi asubuhi, baada ya chai, na hapakuwa na dalili yoyote mbaya isipokuwa ile karavani yenyewe. Mohannad, mtoto wa kaka yangu, alikuwa ameileta wiki ile ile: kijumba cheupe cha kukokotwa na gari, chenye vitanda, jiko la kuchezea, na choo ambacho mtu mwenye haya hawezi kukitumia. Alisema anataka kuwaonesha watoto nchi yao na jamaa zao. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa najua jamaa hao wanakaa wapi na nani kazaliwa na nani. Katika ukoo wetu kazi hiyo ni yangu. Wenzangu wana kazi kubwa zaidi, kama kupiga picha.

Mkewe, Huwaida, alitandika zulia jeupe ndani ya chombo cha kwendea jangwani, kisha akapiga marufuku viatu. Vyote vilibaki nje, juu ya mkeka wa plastiki chini ya kidaraja cha kupandia mlangoni.

Watoto walikuwa wawili: Yazeed, wa miaka minane, na Raghad, wa mitano. Kiswahili hawana. Baba yao aliamua kwamba hiyo ni lugha ya wazee ya kusengenyea watu. Alichobaki nacho Raghad ni mchezo mmoja aliofunzwa na bibi yake, Tamima, kabla hajafariki. Bibi alikuwa akigonga mlango wa chumba na kusema hodi. Mtoto akijibu karibu, hupewa kipande cha halua. Neno lile la karibu Raghad alilitamka kwa kulivuta, kwa sauti nyembamba, kama anaimba.

Nizwa tulitazama ngome na mnada wa mbuzi. Mohannad alilalamika kwamba mbuzi wananuka. Nilimuuliza alitaraji wanukie udi.

Ibra tulifikia kwa Ghaniya, binti wa ami yangu, aliyezaliwa Malindi ya Unguja na ambaye hadi leo anazungumza kama kaondoka jana. Alitupa tende na kahawa. Mohannad alitazama dari lake, akatazama mazulia yake, kisha akamwambia mkewe kwa Kiingereza jambo ambalo Ghaniya na mimi tulilifahamu vizuri sana. Halafu akaomba aoneshwe nyumba ya babu yangu katika mtaa wa kale.

"Kaitazameni," alisema Ghaniya. "Lakini mlangoni pale msipige hodi."

Mohannad alicheka. "Ataitika nani, bi Ghaniya? Popo?"

Sababu naijua. Babu aliporudi kutoka Unguja alikuja na mke, masanduku, na mtoto wa kike wa miaka saba au minane ambaye mama yake, mtumishi wa nyumba, aliachwa kule. Mtoto alichota maji na kungoja amri. Mke wa babu alimwekea sharti: asivuke kizingiti mpaka apige hodi na aambiwe karibu. Siku moja ya baridi nyumba ilijaa wageni. Mtoto akapiga hodi. Hakujibiwa. Alikuwa mtiifu. Asubuhi walimkuta pale pale kizingitini, amekwisha kukauka kwa baridi, na mtalawanda wake, vile viatu vya mti vyenye kijiti cha kubana kwa vidole, ameuvua kwa adabu na kuupanga, ncha zikielekea mlango.

Jina la punda wa babu tunalijua. Aliitwa Marjani. Jina la mtoto yule hakuna aliyejishughulisha kulishika.

Nyumba imebomoka upande mmoja, lakini fremu ya mlango ingalipo. Huwaida alishika simu yake kurekodi. Mohannad alisimama mbele ya kizingiti, akajikohoza kama mzee, akapaza sauti. "Hodi! Hodi wenyewe!" Yazeed akacheka sana. Wakaingia, wakapiga picha zao, wakatoka.

Ghaniya alikuwa ametungoja kwenye kona ya njia. Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akatazama nyuma yetu, chini, pale ambapo uso wa mtoto ungekuwa.

"Mkisikia hodi na mtu hamumuoni, msijibu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Huyo ana adabu. Bila kukaribishwa haingii."

Kesho yake tulikwenda Wadi Bani Khalid. Tuliegesha chini ya mitende, mbali kidogo na vidimbwi wanakoogelea wageni. Baada ya chakula cha mchana Huwaida alilala, na Yazeed akaenda na baba yake majini. Mimi nilikaa na Raghad ndani, namsuka nywele.

Mlango uligongwa. Taratibu, chini sana, kama anayegonga ni mfupi.

"Hodi."

Sauti ya mtoto. Raghad alifurahi, akafungua kinywa. Nilikiziba kwa kiganja changu na kukishikilia. Kisha tukasikia ko, ko, ko, mti juu ya jiwe, ukienda zake bila haraka.

Nilipomweleza Mohannad alisema ni watoto wa watalii. Nilimuuliza watoto wa Ujerumani wamejifunza hodi lini. Nikamtaka amkanye binti yake asijibu, na jioni ile twende Sur tukalale kwa jamaa, ndani ya nyumba yenye kuta na watu. Alinijibu mbele ya watoto. "Shangazi, nakuheshimu. Lakini usimjaze mtoto wangu hadithi za vijakazi."

Neno hilo alilisema kwa nguvu, huku mlango uko wazi.

Badala ya Sur akatupeleka Ashkhara, kwa sababu aliona picha. Picha haikumwonesha upepo, wala harufu ya samaki waliotandazwa juani. Huwaida alifunga madirisha yote. Tulikaa ndani, watu watano katika kijumba kile, na jua likaanza kuzama.

Mlango ukagongwa.

"Hodi."

Nilimvuta Raghad kwangu. Huwaida alikunja miguu juu ya kitanda. Mohannad alitazama mlango, akatazama mkewe, na nikaona ameogopa. Kama angebaki na woga wake, mtoto angesalimika. Lakini aliniona namtazama, na hilo hakuliweza.

"Yallah, habibti, jibu," alimwambia binti yake. "Muoneshe bibi huyu kwamba hakuna kitu."

Nilisema hapana. Nilinyoosha mkono nimzibe mtoto kinywa. Mohannad aliushika mkono wangu, kwa upole, kama anavyoshikwa mzee aliyepotewa na akili.

"Hodi," ikasemwa tena.

"Kariibuu," alijibu Raghad.

Mlango haukufunguka. Sote tuliutazama, na haukufunguka. Mohannad alianza kutabasamu.

Kisha zulia likabonyea.

Alama moja, ndogo, ya mguu mtupu, karibu na mlango. Halafu ya pili. Manyoya meupe yalilala chini na hayakuinuka tena. Alama zilipita mbele ya magoti yangu. Zilikuwa na maji. Zikafika kwenye kitanda cha watoto, zikaishia hapo.

Raghad alisogea ukutani. Aliacha nafasi ya mtu mmoja.

Halafu akamgeukia baba yake, akanyoosha kiganja, kama alivyozoea kudai halua yake. Midomo ilicheza. Sauti haikutoka.

Mpaka leo haijatoka. Huu ni mwezi wa nane tangu siku ile. Madaktari wa Sur na wa Maskati wameangalia koo na wanasema ni zima. Mohannad amefuta ile video, na hapigi tena hodi popote. Anasimama milangoni mwa watu kama mdai, anangoja aonekane. Karavani aliikokota hadi Ibra, akaiacha uani kwa Ghaniya, nyumba ile ile aliyoikagua dari lake.

Wiki iliyopita niliwaambia nakwenda Ibra kuomba sauti ya mtoto. Sikutaka mtu wa kunisaidia. Wanachojua wao ni kuamrisha na kucheka, na kule vyote viwili vilikwisha kufanywa. Nilimchukua Raghad peke yake. Tulifika baada ya alasiri, jua lingali juu.

Mkeka wa plastiki ulikuwa pale pale chini ya kidaraja. Juu yake palikuwa na mtalawanda wa mtoto, umelowa, ncha zikielekea mlango. Ghaniya alisema mvua haijanyesha tangu majira ya baridi. Hakuukaribia.

Nilimshika Raghad mkono. Nilisimama mbele ya mlango kama tulivyofunzwa, bila kuchungulia, nikapiga hodi kwa heshima, kama napiga kwa mtu mkubwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Nilitaka kumwambia kwamba alikosewa, na kwamba mtoto huyu hakuwa amezaliwa.

"Kariibuu," ikajibiwa kutoka ndani.

Nilimtazama Raghad. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Ilikuwa sauti yake. Ile ile nyembamba, ya kuvutwa, ya kudai halua. Sijapata kuisikia ikiwa na furaha kiasi kile.

Nilisahau maneno yote niliyoyapanga. Na wakati nimesimama hivyo, Raghad aliuachia mkono wangu. Akainama. Akavua makubadhi yake, akayapanga kando ya mtalawanda, ncha zikielekea mlango, na akapandisha mguu juu ya kidaraja.

Nilimnyakua. Nilimpeleka garini miguu mitupu, na sikugeuka nyuma. Njia nzima alikaa akitazama kiti cha pembeni yake.

Magharibi, tukiwa tumekwisha kufika Maskati, Ghaniya alipiga simu. Alisema makubadhi ya Raghad yako pale pale kwenye mkeka, mtu akija Maskati atatuletea. Mtalawanda, alisema, haupo.

Nilikwenda kumfunika mtoto. Alikuwa amelala ukutani kabisa, na miguu yake imetoka nje ya shuka. Mtoto huyu hajapata kuvaa mtalawanda maishani mwake. Katikati ya kidole gumba na cha pili, miguu yote miwili, palikuwa na alama ya duara, nyekundu, iliyokwisha kuota sugu.